Kuku Halali Chali

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Usiwashe jiko la gesi ya samadi, wala kiberiti, wala sigara yako, mpaka fundi aje. Koki nimeifunga. Mlango wa banda nimeuacha wazi, usiuguse.

Asubuhi nakuja kukuita, harufu ya mayai viza ikanipokea nikiwa bado uani. Wewe umechuchumaa huko bandani kando ya pipa la gesi, unajisifu kwamba umeziba vizuri mpira uliokuwa unavuja, maana harufu imekwisha. Haikuisha. Ni pua yako iliyokufa ganzi. Fundi alituambia siku anafunga mpira: gesi ile ikizidi, pua huacha kuisikia. Lakini wewe siku hiyo ulikuwa na kazi ya kumfundisha fundi ufundi wake.

Nikakuuliza, huyo kuku miguuni pako ana nini? Ukanijibu amelala. Kuku halali chali, mume wangu. Nikakuburuta hadi nje huku unanigombeza. Mgongo bado unaniuma, na cherehani inaningoja kazini.

~~Nikirudi nisilikute hilo pipa.~~ Basi, libaki. Kuni nazo zimenichosha. Ila fundi apake mpira wote maji ya sabuni, aone povu linapotokea. Na kuanzia leo wa kunusa ni anayeingia kutoka nje, si aliyekaa ndani.

Kuku mzike. Usinipikie.

Jioni nitapiga hodi. Usiniitikie kutoka bandani kwamba uko salama. Toka nikuone.

Mama watoto