Cherehani Yangu Imerithiwa, na Mume Wangu Yu Hai

Iringa, Alhamisi, Julai 1956. Ukungu tangu asubuhi, vidole vinauma kwa baridi.

Jumatatu nilipoteza cherehani yangu. Shemeji, mdogo wa mume wangu, alifika nyumbani Kihesa nikiwa hospitali, akaibeba mpaka Kilolo. Majirani amewaambia anatunza mali ya marehemu.

Marehemu leo amekunywa uji vikombe viwili.

Mume wangu alichomwa na msumari, akashikwa na pepopunda. Siku tisa walimpa dawa ya usingizi kila baada ya saa sita, ili mwili usikakamae. Kukakamaa kukaisha. Yeye hakuamka.

Jumapili shemeji alisimama kando ya kitanda. "Shemeji, huyu ameshakwenda. Tumpeleke Kilolo akafie kwao."

"Mbona anapumua?"

"Hata kuku aliyechinjwa hupapatika."

Nikakataa. Daktari akammulika macho, mboni zikajibana. Akamfinya, kidole kikacheza. "Mama, ugonjwa umetulia. Kinachomlaza sasa ni dawa, haijamtoka. Figo zake zinaitoa polepole. Tumeisimamisha, tusubiri."

Hesabu hiyo niliielewa palepale. Ukiongeza sukari kila mara kwenye kikombe ambacho mtu anakinywa kwa kijiko, utamu hauishi siku ile unapoacha kuongeza. Shemeji alisema hayo ni maneno ya kumfariji mjane.

Niliogopa. Lakini nilikaa.

Leo mchana mume wangu amefumbua macho, akalitazama shati la hospitali alilovishwa. "Nani kashona hili? Mikono haifanani!"

Wodi nzima ikacheka. Mimi nililia kwanza, kisha nikavimba kichwa kwa fahari, na bado kimevimba. Angebebwa juu ya lori kwa barabara ile ya Kilolo, leo ningekuwa nimevaa nguo nyeusi.

Sasa cherehani. Sikupewa na mtu. Nilianza na sindano ya mkono, magauni sitini na mawili, ndipo nikainunua. Hata mume wangu hana fungu ndani yake, seuze ndugu yake.

Kesho asubuhi dereva wa lori la mbao atakufikishia maneno haya, shemeji, kama nilivyoyaandika hapa. Kaka yako ameamka. Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, cherehani yangu inarudi Kihesa au hairudi? Habari za ukoo sizitaki. Nijibu ndiyo au hapana.