Swali la Kadzo kwa Seneta

Kadzo,

Wiki ya tano hii, bado uko mochari Riyadh. Naanza hapo kwa sababu hukupenda nizunguke. Kafili wako, mwajiri aliyekudhamini, amesaini karatasi ya polisi. Ya kukusafirisha bado. Kila nikimpigia ananiambia, "Yalla, kesho."

Huku Jeddah yaliyobadilika ni machache. Ijumaa, baada ya kipindi changu cha redio, simu yangu hailii. Ulikuwa ukinipigia kutoka darini kwa madam wako, mtaa wa Al-Naseem, ukianika nguo, upepo ukivuma ndani ya simu, unisute kwa niliyoyasema redioni. Mwezi mzima tulibishana juu ya lile pendekezo la nyumbani, kwamba maseneta wasichaguliwe tena na wananchi bali na bunge la kaunti. Wewe uliliunga mkono.

"Wawe na mtu wa kuwavuta sikio, bwana mwandishi. Seneta akishafika Nairobi anakuwa wa Nairobi."

Nikasema wawakilishi wadi wa bunge hilo hununuliwa kwa chakula cha mchana, heri kura ya wananchi. Ukacheka mpaka ukakohoa.

"Wananchi gani? Mimi mafi kura, sina! Sisi wa nje ni ya rais peke yake. Seneta wa kwetu namsikia kwako tu."

Nimeripoti chaguzi miaka mingi, na hilo sikuwahi kuliandika.

Kisha nikamwalika seneta wa kaunti yenu kipindini, kwa simu, nawe ukanitumia swali kwa sauti yako: "Mheshimiwa, mtu wako akifia Saudia, kaunti ina nguvu gani ya kumrudisha? Na kama haina, wewe umeenda kuidai lini?"

Nililikata lisiende hewani. Nikakuandikia kwamba liko nje ya mada, tunazungumzia jinsi ya kuwachagua maseneta. Ukajibu, "Halas, basi. Mada ni yako."

Siku kumi na mbili baadaye ulianguka jikoni. Karatasi ya hospitali inasema moyo. Sina ushahidi mwingine, kwa hiyo siandiki sababu nyingine. Ila nilikosea, Kadzo. Tulikuwa tukibishana ni nani amchague seneta, na wewe peke yako ndiye uliyeuliza anachaguliwa afanye nini.

Nimepiga simu kote. Kaunti wakasema mambo ya nje ni ya serikali kuu, nimwone seneta. Serikali kuu wakasema wanamsubiri kafili. Basi Ijumaa iliyopita nilimrudisha seneta hewani, nikaicheza sauti yako yote, pamoja na upepo wake.

"Swali zuri sana," akasema. "Huyo dada yuko kwenye laini?"

Nikamwambia uko wapi. Akasema ataandika barua akipata ombi rasmi kutoka kaunti.

Hajaandika. Nimeuliza asubuhi hii.

Mama yako hunipigia kila siku. Wazee wamekataa matanga yaanze bila mwili. Majirani walikuja na mikeka yao, wakarudi nayo. Jana aliniuliza, "Mwanangu, nikimlilia kabla hajafika, nitakuwa nimekosea?" Kazi yangu ni kuthibitisha kwanza, kusema baadaye, na hapo sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nikamwambia, "Lia, mama." Hakukata simu. Nami sikukata.

Kwaheri, dada yangu. Kesho napanda basi la Riyadh. Nitakaa mlangoni kwa kafili mpaka asaini, kisha nitapanda ndege itakayokubeba na kukukabidhi kwa mama yako mimi mwenyewe. Kabla ya hapo sitaandika popote kwamba umerudi.