Teke Lilitoka Wapi

Kihonda, Morogoro
9 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Anselmi,

Shikamoo. Habari za Kigoma, na lile goti linaendeleaje? Mama Prisca je, kifua kimepona? Sisi tupo, tunasukuma siku. Dada yako bado yuko kitandani hapa kwangu. Uji anakunywa, ila kuinuka ni mpaka ashikwe.

Mjomba, nimechoka, na wanaonichosha ni wapwa zako, hawa kaka zangu Agustino na Abel, na hiyo taekwondo uliyowafundisha.

Unajua walivyokuwa wakifundisha pamoja ukumbi wa parokia. Agustino aliandika ukutani kwa rangi nyekundu, "Miaka 2000 ya mashujaa wa Korea". Siku ya mtihani wa mikanda, mbele ya wazazi, Abel akasema huo ni uongo, kwamba wengi waliofungua shule za kwanza Seoul walijifunza karate Japani, na jina lenyewe ni la mwaka 1955. Kesho yake akayapaka chokaa yale maandishi. Agustino akabeba ngao za mazoezi, akaondoka na nusu ya wanafunzi. Sasa anafundishia nyuma ya mashine ya kusaga, hapo hapo karibu. Jioni nawasikia wote wakihesabu kwa Kikorea, hana, dul, set, huku na huku. Hesabu ni ileile.

Nikiwauliza, kila mmoja anajibu, "Mjomba ndiye aliyeniambia." Na wote wanasema kweli. Agustino ulimsimulia wapiganaji wa kale akiwa mtoto kule Mkuyuni, alipokuwa anaogopa wenzake shuleni. Abel ulimweleza ya karate akiwa mtu mzima, alipopata mkanda mweusi. Agustino hukumrudia kumweleza hayo.

Nimesoma mwenyewe kwenye simu mpaka macho yakauma. Wasomi wengi wako upande wa Abel, ingawa wapo wanaosema Wakorea walikuwa na mchezo wao wa zamani wa mateke, nao umechangia. Hata wao hawajamalizana, sembuse sisi wa Kihonda.

Ningewaacha wachoshane, lakini kuna mama. Walikuwa wakija pamoja kumgeuza. Siku hizi mmoja akisikia sauti ya mwenzake ndani, anaishia getini. Jumapili iliyopita Abel alipoondoka, mama alinishika mkono akaniuliza, "Devotha, Agustino amekufa mnanificha?" Katikati ya wiki akaja Agustino peke yake, mama akauliza hivyo hivyo kuhusu Abel. Namwambia ni wazima. Haniamini.

Mjomba, kwetu wewe ndiye unayesikilizwa. Usinitumie jibu la nani mkweli, wala usiwapigie simu, watakuitikia tu kisha warudi kulekule. Njoo uwaweke wote wawili chumbani kwa dada yako.

Mpe Mama Prisca shikamoo yangu, na Erick na Judith salamu nyingi. Mungu alilinde goti lako njiani.

Mama akiondoka hivi, ataondoka akidhani amewazika wote wawili, nao wako mtaa mmoja.

Mpwa wako anayekupenda na kukungoja,
Devotha