Tuta la Mto Sio

Jumatatu, 7 Mei 1951
Darasani tena na tamthilia ile ya kale. Padri anaipenda, mimi imenichosha. Niliuliza mahali pana kazi gani katika tanzia. Mwanafunzi mmoja akajibu kwamba mji ungekuwa na malango mawili, wahusika wasingekufa. Nikamsahihisha: mtu huangushwa na moyo wake, si ardhi. Nikampa nne kwa kumi.
Mke wangu Nafula yuko ng'ambo ya mto, upande wa Kenya. Alitaka kujifungua kwa mama yake. Padri ameahidi gari mambo yakiwa magumu.

Jumatano, 9 Mei
Mvua. Kinamasi kimejaa, limebaki tuta tu kati ya mafunjo, upana wa mtu mmoja. Hakuna habari. Nina hofu. Mwalimu mzima!

Ijumaa, 11 Mei
Asubuhi nilikwenda kumwona. Katikati ya tuta nikaitambua leso ya mama mkwe, anakuja peke yake. Kwa desturi yetu mkwe hakutani uso kwa uso na mama mkwe, humpisha porini. Huku pori ni maji. Niligeuka, nikarudi shuleni, apite aende zake sokoni. Nikajisifu kwa adabu.
Saa tisa akaja muuza samaki. “Mwalimu, mama ya bibi yako nakaa kule kwa tuta tangu asubuhi. Nasema Nafula iko mbaya. Leta gari ya padri.”
Kumbe naye aliponiona aligeuka, akaketi kungoja mpita njia, kwani asingeweza kunifuata shuleni. Wanaume wao wako matangani, hakuwa na wa kumtuma.
Padri aliacha gari ukingoni, tukavuka, tukakuta mtoto amezaliwa, damu haikomi. Tulimbeba Nafula kwa machela juu ya tuta lile lile. Hakufika garini.

Jumamosi, 12 Mei
Tumemzika. Namchukia kila anayenipa pole.
Hatua hamsini tu zilitutenga, mimi na mama mkwe. Njia ingekuwa pana, ningempa mgongo apite, yeye angefika kwa padri saa tatu. Yule kijana alistahili kumi. Lakini tuta halikugeuka. Niligeuka mimi.

Jumanne, 15 Mei
Nimevuka kumwona mtoto. Nilikaa nyuma ya ghala, kama ipasavyo, nikingoja aletwe na mtu.
Mama mkwe akatoka mwenyewe, kichwa wazi, akamweka mikononi mwangu. Alinitazama. Nikamtazama. Miaka miwili ya ndoa, sikujua Nafula alichukua macho yake.
Mtoto alikuwa amelala.