Nani Atakunyoa Huko?

Bergen, Ijumaa ya kwanza ya Mfungo Mosi. Mwaka wa thelathini na nane tangu tufunge mlango wa nyumba ya Bagamoyo, mwezi wa tano tangu uniache.

Mama Zuhura,

Assalamu alaikum. Salamu hii nimezoea kukutolea kule mlimani, mbele ya jiwe lako. Leo mvua imenizuia, na nina habari isiyotaka kungoja: asubuhi hii nimejinyoa mwenyewe, kwa wembe wa marehemu baba yako, kutoka sikio hadi sikio na koo lote, na sikutoka damu.

Nakuona unavyokunja midomo. "Wembe upi? Wangu?" Ndiyo, wako. Usinikasirikie kabla sijaeleza.

Mpaka siku uliyofariki sikuwa nimeushika wembe ule kwa kunyoa, ila kuusogeza mezani. Kwa nini ningeushika? Kila Jumatatu na Ijumaa nilikaa kwenye kiti cha jikoni, wewe umesimama nyuma yangu, kichwa changu nimekiegemeza tumboni mwako, macho nimefumba, nikikueleza habari za dunia kama nilivyozisoma gazetini. Wewe ulifanya kazi. Mimi nilisema. Ndivyo tulivyogawana ndoa.

Wa kwanza kuninyoa kwa wembe ule alikuwa baba yako, asubuhi ya arusi yetu, kwenye baraza ya duka lake la kinyozi nyuma ya soko la samaki. Mkwe hamwekei mkwewe mkono shingoni, wazee walilijua hilo, lakini baba yako alisema hawezi kumwachia mtu mwingine ndevu zitakazolala karibu na binti yake. Basi wakajaa barazani kutazama. "Mwulize sasa hivi kama atamtunza," mmoja akapiga kelele, "maana hawezi kutikisa kichwa!" Mwingine akasema mkwe kalala machinjioni na hata bismillahi hajasomewa. Baba yako hakucheka. Alinifuta uso, akanipaka mafuta ya nazi, akaukunja wembe, akanitia mkononi. "Binti yangu na huu," alisema. "Vyote viwili havitaki hasira."

Macho yake yalikuwa yameshaanza ukungu. Ndiyo sababu ulijua kazi ile: dukani mwanamke hakunyoa wanaume, lakini nyumbani wewe ndiwe uliyemnyoa yeye, na wewe ndiwe uliyemnolea nyembe za wavuvi, ambao ndevu zao zenye chumvi zilikuwa zikila makali kama kutu.

Sasa nikueleze yaliyotokea huku.

Wiki ya kwanza nyumba ilijaa. Wanawake wa Kisomali walikuosha, na waume zao walinisaidia kukuzika. Ulikuwa umeshatuagiza: nizikeni nitakapofia, msinipakie kwenye ndege kama kreti la samaki. Tulikutii. Watu walipoondoka, nikajiona kwenye kioo cha bafuni, na ndevu zilikuwa zimeota, nyeupe. Unazijua. Zikichomoza hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, na shingo yote hujaa vipele. Zuhura alikuja kutoka Oslo na mashine ya umeme ndani ya boksi zuri. Mashine ikafanya vipele kuwa majipu. Nikaenda kwa kinyozi kijana karibu na stesheni. Akaninyoa kinyume cha mlalo wa nywele mpaka nikang'aa, na siku ya tatu shingo ilikuwa imevimba, nikashindwa kufunga kishikizo cha shati.

Siku hizo ndipo Salumu aliponipigia simu. Mdogo wako hajabadilika. Anasema kwa sauti kana kwamba simu ni bomba na mimi niko upande wa pili. "Shemeji," alisema, "chakula utapika, nguo mashine itafua. Nani atakunyoa huko?" Akacheka kicheko cha mashemeji. Kisha hakucheka tena. Akanieleza kuwa amejenga chumba changu Mapinga ya Bagamoyo, kwenye kile kipande kilichobaki cha shamba la baba yenu, katikati ya nyumba za watu wanaofanya kazi Dar. Kina choo ndani na dirisha la upande wa upepo. Kila Ijumaa ataninyoa mwenyewe. "Rudi nyumbani, shemeji. Ndugu zako wapo. Huko umebaki na nini?"

Nikamwambia nitafikiri. Nilichofikiri kwanza ni maneno yako: kwamba mkono wa Salumu ni wa kupara samaki changu, na kwamba baba yenu alimwachia duka kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine wa kiume, si kwa sababu nyingine.

Lakini swali lake halikuwa mzaha, na Zuhura lilimfikia. Ndipo nilipoutoa wembe wako kwenye kitambaa chake cha mafuta. Zuhura aliporudi tena, alinikuta na mkato kidevuni, mwingine chini ya sikio, na shabu ya kuzuia damu imeganda juu yake nyeupe kama unga. (Kipande kile kile cha shabu ulichokuja nacho kutoka Bagamoyo. Kimebaki kidogo kama kunde.) Hakugomba. Alikaa, akaniuliza polepole, kwa sauti yako: "Baba, kama hata ndevu zinakushinda, mambo mengine je?" Akasema ameongea na Mjomba Salumu. Akasema tutazungumza Idi. Binti akisema tutazungumza, yeye ameshamaliza kuzungumza.

Kwa hiyo jambo lilisimama hivi: kama kufika Idi bado nilikuwa nachuruzika damu, tiketi ingekatwa. Hakuna aliyelitamka namna hiyo. Lakini nilimwona akitazama kidevu changu kama daktari anavyotazama picha ya mfupa.

Nikajifunza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kazi naijua, kwa kuwa nilikuwa ndani yake miaka yote hiyo. Wahenga wanasema mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Hawakusema yule anayenyolewa anajifunza nini. Hajifunzi kitu. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya ngozi: ubaridi unashuka, unageuka, unapotea. Tena mkono wako ulitoka nyuma na juu. Wangu unatoka mbele na chini, na kioo kinageuza kila kitu. Nilipofuata nilichokikumbuka, wembe ulikwenda kombo. Wembe hauna neno na mtu anayekwenda mbele au anayerudi nyuma. Mtu wa kwenda kando ndiye unayemchana.

Kosa la pili lilikuwa la mkanda wa ngozi wa kunolea. Nilipofika mwisho wa mkanda niligeuza wembe kwa makali, badala ya kwa mgongo, nikaukata mkanda. Alama ipo. Utaniwia radhi.

Hapo nikakumbuka hadithi yako ya embe. Ulipokuwa msichana, baba yako alikupa embe dodo bivu, akalipaka povu, akakwambia: nyoa. Ukitoa maji umechinja mtu, mle mwenyewe. Ulisema mwaka ule ulishiba maembe. Basi nikaenda dukani kwa Mpakistani, nikanunua maembe, nikakaa kwenye kiti chetu na taulo mapajani, nikanyoa maembe. Nimechinja watu wengi, Mama Zuhura. Nilikuwa nafuturu kwa wateja wangu. Lakini embe lilinifundisha kuulaza wembe, mgongo wake ukaribie kugusa ngozi, na kuuvuta kwa uzito wake wenyewe, bila kuusukuma. Lilinifundisha pia kwamba kazi ya mkono wa kushoto, ule unaovuta ngozi ikakaza, ni kubwa kuliko ya mkono wa kulia. Nilikuwa siujui kabisa mkono wako wa kushoto. Nilidhani unanishika tu.

Kisha nikaacha ndevu zikue siku tatu, nikapitisha kidole taratibu ili nijue zinalala wapi. Mashavuni zinashuka. Chini ya taya la kushoto zinaelekea sikioni. Kooni zinapanda, halafu zinazunguka, kama nyasi zilizolaliwa na ngiri kule Saadani. Wewe uliijua njia hiyo yote bila kutazama. Mimi nina shingo hii tangu kuzaliwa na nilikuwa mgeni.

Ikabaki koo. Mashavu yalinyooka, kidevu kikapona, lakini kila nilipofika kwenye koromeo nilijikata, mahali pale pale. Maji ya moto hayakusaidia, wala povu zito. Mtu akiogopa humeza mate, na akimeza mate koromeo hupanda, na linapopanda linakuta wembe uko njiani. Nilielewa sababu, na kuielewa hakukunisaidia. Ramadhani ikaisha nikiwa na plasta kooni.

Zuhura alifika usiku wa kuamkia Idi, tukalala. Asubuhi, kabla ya kwenda kuswali, aliniona naingia bafuni na bakuli la maji ya moto. Akasimama mlangoni, mikono ameifunga kifuani. "Nataka kuona," alisema. Sikuweza kumfukuza, ingekuwa ni kukiri. Nikapaka povu. Shavu la kulia, la kushoto, mdomo wa juu, kidevu. Nilikuwa namtazama yeye kwenye kioo kuliko nilivyojitazama mwenyewe. Nikainua kichwa. Nikaweka wembe chini ya kidevu. Nikaanza kumweleza juu ya bei ya maembe.

Akasema kutoka mlangoni, haraka, kama mtu anayemalizia sala aliyoizoea: "Msalie Mtume, Baba."

Nikamsalia. Allahumma swalli wasallim alayhi. Na pumzi ya mwisho ilipotoka, koo likatulia. Hakukuwa na cha kumeza. Wembe ukashuka mara moja, ukasimama, nikavuta pumzi. Akasema tena, safari hii polepole, kwa kuwa alikuwa ameshajua anachosema: "Msalie Mtume." Nikamsalia, wembe ukashuka. Mara ya tatu tukawa tumemaliza.

Miaka yote ile, Mama Zuhura, ulipofika kooni uliniambia hivyo. Nilikuwa nabishana na Waziri fulani, au na mhariri, na wewe ungesema, "Msalie Mtume, Baba Zuhura," nami nilidhani unaninyamazisha, kama watu wanavyomnyamazisha mgomvi barabarani. Mara nyingine niliudhika kidogo. Kumbe ulikuwa unangoja pumzi yangu itoke.

Nilimgeukia Zuhura kumwambia. Hakuwepo mlangoni. Nikamsikia jikoni anakoroga tambi, kwa nguvu kuliko tambi zinavyohitaji. Alipotoka, alinipitishia mgongo wa vidole shavuni, kutoka juu kwenda chini, kama ulivyokuwa ukikagua. "Hapa pamebaki," alisema. Palikuwa hapajabaki kitu. Tukaenda kuswali.

Habari ya tiketi hakuigusa siku ile wala ya pili. Alipokuwa anavaa viatu kurudi Oslo, aliniuliza tu kama nina shabu ya kutosha. Nikamwonyesha ile kunde. Akasema atamwagiza Mjomba Salumu kipande kikubwa.

Lakini siku ile Zuhura alikuwepo kunisemea neno. Nilitaka kujua kama naweza nikiwa peke yangu. Leo Ijumaa nimejaribu. Nilipofika kooni nilisimamisha wembe, nikajiambia kwa sauti, kwenye bafu tupu, "Msalie Mtume, Baba Zuhura." Nikajisikia mjinga. Nikamsalia. Koo likatulia.

Salumu nimempigia baada ya hapo. Nilimwambia nimejinyoa. "Na damu?" Hakuna. Akasema, "Basi umehitimu, shemeji. Wewe unyoe watu, mimi nirudi kwenye samaki." Kisha: "Lakini kuja utakuja. Chumba kipo." Nilimshukuru. Alisema maneno mazuri na chumba ni kizuri. Ametuma picha, na kwenye picha moja, nje ya dirisha, unaonekana ule mnazi uliokuwa ukiutaja, uliopandwa ulipozaliwa. Umeinama kuelekea barabara ya lami. Nimeitazama picha ile zaidi ya picha zote alizotuma.

Sikumwambia lililobaki, kwa hiyo nakwambia wewe. Salumu aliuliza nani ataninyoa huku, na swali lake lina jibu sasa. Hakuuliza nani atapanda huo mlima. Kule Bagamoyo makaburi yetu yana watu: anayepita husimama, husoma Fatiha, huendelea na safari ya sokoni. Jiwe lako lina mimi, na Zuhura mara chache. Huota ukungu wa kijani upesi kwa mvua hii, na huusugua mtu kwa mkono.

Wembe nimeuosha, nimeukausha, nimeupaka mafuta ya nazi na kuufunga kwenye kitambaa chako. Ijumaa ijayo, inyeshe isinyeshe, nitakuja nikiwa nimenyoa, na Ijumaa zote nitakazojaaliwa baada yake. Ukiona pamebaki mahali, nisamehe. Macho yangu nayo yanaanza ukungu kama ya baba yako. Mungu akupe nuru, mke wangu, na akupoze.

Bagamoyo sirudi.

Baba Zuhura