Plasta Juu ya Taa

Garissa, Jumanne, 1996

Eti gari la kliniki halikuwaonya waliokuwa ndani!

Nilimweleza Abdi, dereva wa kliniki, kwamba ile taa ya njano ya injini kwenye dashibodi inawaka kwa sababu petroli yetu ina madini ya risasi, nayo yameua sensa ya ekzosi, kile kipimo cha moshi. Gari litatembea tu. Hata sensa mpya ingekufa vilevile.

Lakini abiria walimsumbua kila safari, wakiiogopa ile taa. Basi akachukua plasta ya kliniki, ile pana ya vidonda, akaibandika juu yake. Taa nyekundu, ile ya kuonya oili ikipungua, iko papo hapo kando. Plasta ikaifunika hiyo pia.

Leo gari limevutwa kutoka njia ya Dagahaley, injini imenoki, imekufa kwa kukosa oili. Mama mwenye uchungu wa kuzaa aliyekuwa ndani alijifungulia mchangani. Mtoto hakulia.

Na Abdi anasimama gereji kwangu, mbele ya watu: "Wallahi, fundi, wewe ulisema taa si kitu."

Taa gani, Abdi? Taa gani?

Nilibandua plasta, nikafungua swichi. Zikawaka zote mbili.

Mume wa yule mama akainama, akauliza hiyo nyekundu ni ya kazi gani.

Abdi akanitazama, eti mimi ndiye nimjibu yule mume.