Idadi ya Watoto

3 Machi

Mama Kipusa mpenzi,

Nimefika, na viungo vyote ninavyo, ingawa magoti yanalalamika. Wewe je? Mgongo umekuachia, au bado unafundisha umeshika meza?

Ndege tatu na basi moja la mwendo wa saa tisa si mchezo. Kwenye ndege ya pili nilikaa kati ya watu wawili waliolala wakiniegemea, mmoja huku, mwingine huku, nami nikakosa hata pa kuweka kikombe. Uwanjani afisa alifungua begi langu akakuta bisibisi kumi na moja na kopo la mafuta ya cherehani. Akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia nimekuja kuchukua watoto. Akazitazama bisibisi tena. Ikabidi nieleze tangu mwanzo: mdogo wangu alihamia huku, akaoa huku, gari likamuua yeye na mkewe siku moja, na wanawe wako kituo cha watoto mwaka wa pili sasa. Akauliza mimi ni nani wao. Nikasema baba yao mkubwa. Akauliza baba mkubwa ndiyo nini. Nikasema ni baba. Akasema baba ni mmoja. Nikaona nisibishane na mtu mwenye muhuri.

Nimepanga chumba juu ya duka la dobi. Sakafu ina joto mchana kutwa na nguo zangu zote zinanuka sabuni. Simu za hapa zinakatika kabla salamu hazijaisha, kwa hiyo tutumie barua za haraka, siku saba au nane zinafika.

Watoto nimewaona. Kibonge si kibonge tena, ana miaka mitano na shingo kama kijiti. Alinikaribia kinyumenyume, akanikalia mguuni bila kunitazama. Dadake ana miaka tisa na kituoni wanamwita Karani, maana ana daftari na kila anachoahidiwa na mtu mzima anakiandika humo, pamoja na tarehe. Kiswahili wanakijua, mdogo wangu hakuwanyima. Karani amezihifadhi barua zako zote. Alinifungulia moja akanionyesha ulipoandika kwamba dada yao ana kitanda karibu na dirisha. Akaniuliza, "Dada yetu ana miaka mingapi?"

Nilimwambia nitamjibu kesho, akaandika. Nimjibu nini, mama?

Mumeo,
Baba Kipusa

12 Machi

Baba Kipusa,

Salamu zako nimezipokea, na harufu ya sabuni pia, barua nzima inanuka. Mgongo unaendelea kunikumbusha umri wangu. Darasa langu la kwanza wako sitini na wawili mwaka huu na wote wanataka kukaa mbele.

Umenichekesha na bisibisi zako. Nilikuambia uziache. Mtu anakwenda kuchukua watoto, anabeba karakana nzima ya ufundi wa cherehani.

Seremala ameleta kitanda cha ghorofa na nimekiweka chumba cha nyuma. Kilikataa kupita mlangoni, tukang'oa mlango, sasa mlango nao unakataa kurudi, utaurekebisha ukija. Mwalimu mkuu amewaandikisha wote wawili. Chumba cha Kipusa nimekiacha kama kilivyo. Nimebadilisha mashuka tu, kama kawaida ya Jumamosi.

Kuhusu swali la Karani, Kipusa ana miaka kumi na mitatu. Hesabu yenyewe si ngumu, sijui ulishindwa wapi.

Niandikie kesi itakavyokwenda. Usisahau kula.

Mkeo,
Mama Kipusa

23 Machi

Mama Kipusa,

Natumaini hujambo. Mimi mwili haujambo, moyo ndio sina la kusema juu yake.

Ijumaa tuliitwa mahakamani. Hakimu ni mama wa makamo, mpole, miwani ameifunga kwa uzi. Alizisifu karatasi zetu. Kisha akafika mahali palipoandikwa idadi ya watoto, akasoma kwa sauti: mmoja. Akaniuliza yuko wapi. Akasema sheria ya hapa inataka mtoto aliyemo nyumbani aulizwe kwanza kama yu radhi kuletewa ndugu, na kwenye jalada hakuna maelezo yake, hakuna shule yake, hakuna picha. Nikafungua kinywa nikakifunga. Alinisubiri, Mama Kipusa. Alinisubiri kwa adabu, nami nikatazama viatu vyangu. Akaahirisha hadi tarehe 30 Aprili.

Kwenye ngazi wakili wetu alinishika mkono akasema mtu anayekaa kimya anapoulizwa mwanawe yuko wapi, jamaa wa mahakama wanawaza mabaya. Ndipo nikamwambia. Kipusa wetu alifariki kwa homa, miaka saba iliyopita, akiwa na miaka sita.

Nimeliandika. Sijawahi kuliandika neno hilo tangu siku ile.

Nilijaribu kumweleza kwamba kwetu mtaani ndivyo tulivyozoea. Ukiulizwa una watoto wangapi unasema mmoja, na jirani anaitikia, mwalimu mkuu anaitikia, hata daktari wa meno anaitikia, na wote walikuwapo mazishini. Wakili akasema mtaa wenu haukutia saini fomu hii.

Sasa wanataka vitu viwili. Kwanza cheti cha kifo, ambacho hatukwenda kukichukua. Kiko kwa msajili, na anayepewa ni mzazi mwenyewe, ajitokeze. Cha pili ni kiapo chako, kwa mkono wako kwa sababu fomu uliijaza wewe, useme kwamba mtoto huyo hayuko duniani na kwa nini uliandika mmoja.

Kuna mume na mke wa hapa wameomba kumchukua Kibonge. Kibonge peke yake. Karani wamesema ni mkubwa mno. Tukishindwa tarehe 30, wao ndio wanaofuata.

Nakuomba nenda kwa msajili.

Mumeo,
Baba Kipusa

2 Aprili

Baba Kipusa,

Mimi mzima. Wewe sijui, maana mtu mzima hawezi kuandika uliyoyaandika akayatia kwenye bahasha na kulamba gundi.

Fomu ile niliijaza mezani nawe umekaa mbele yangu. Ulivaa miwani. Ulisoma ukurasa kwa ukurasa, ukanisahihisha hata namba ya nyumba. Ulipofika kwenye idadi ya watoto ulininyanyulia macho, ukayateremsha, ukaweka saini. Leo mbele ya wakili kosa limekuwa langu peke yangu, mwanamke asiyejua kuhesabu?

Mwambie hakimu Kipusa yuko shule ya bweni, mbali. Mwambie hawezi kuja. Huo si uongo mkubwa.

Kwa msajili siendi. Hao watoto nawataka, Mungu anajua ninavyowataka, nimewaandikia barua mwaka mzima. Lakini usiniambie nimpate mmoja kwa kumfuta mwingine kwa kalamu yangu mwenyewe. Hilo usiniombe tena.

Mama Kipusa, na ndivyo nitakavyobaki

11 Aprili

Mke wangu,

Salamu. Sitakuuliza hali, najua.

Unayosema ni kweli. Nilisoma, nikaona, nikaweka saini. Na si siku ile tu. Kila Jumamosi nakuona ukitoa mashuka safi, mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia, unayafua, nami nakubebea ndoo. Miaka saba nimekubebea ndoo. Nilijiambia nakuonea huruma. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kwamba siku nitakayosema neno lile utaniangalia kama mtu aliyemuua, na mimi nisingekuwa na pa kwenda. Kwa hiyo lawama tugawane, na kipande kikubwa nipe mimi.

Suala la bweni sitalisema. Nimechoka, na Karani angeniandika.

Yeye nimemwambia. Tulikuwa kwenye benchi la kituo, Kibonge anazungusha gurudumu la cherehani yao mbovu ninayowatengenezea. Nilimwambia dada yake alifariki zamani, kabla hata Kibonge hajazaliwa. Hakulia. Alitafuta ukurasa wenye swali lake, akaandika jibu chini yake, polepole. Kisha akaniuliza, "Mama Mkubwa ameambiwa?"

Nikamwambia ndiyo, alikuwapo. Akatikisa kichwa, haamini. Akanieleza kwamba Kibonge naye hajaambiwa. Watu wa kituo walimwambia wazazi wamesafiri, na ndiyo maana kila Kibonge anaposikia gari anakimbilia lango. Karani anajua ukweli lakini ameambiwa anyamaze, na amenyamaza mwaka wa pili sasa. Akasema, "Kama Mama Mkubwa hajaambiwa, mimi naweza kutunza siri. Nimezoea."

Mtoto wa miaka tisa, Mama Kipusa. Anajitolea kukutunzia.

Mumeo,
Baba Kipusa

20 Aprili

Mama Kipusa,

U mzima? Dobi alikuwa akiniuliza kila siku kama kuna barua, sasa ameacha kuuliza, nami nimegundua kuacha kwake kunaniuma zaidi.

Jumapili wale mume na mke walikuja. Si watu wabaya. Walileta mpira, Kibonge akacheka, akapanda begani mwa yule bwana. Karani alisimama mlangoni, daftari kalikumbatia, hakuandika chochote.

Zimebaki siku kumi. Ikifika tarehe 30 mikono mitupu nitarudi peke yangu. Ningependa kukuambia kwamba sitakulaumu, lakini tumedanganyana vya kutosha. Nitakulaumu, na nitajilaumu, na tutaishi wawili tu katika nyumba yenye vitanda vitatu vitupu.

Mumeo

21 Aprili

Baba Kipusa,

Salamu nyingi. Hali yangu ni ya mtu aliyeshuka kilima, nimechoka lakini niko chini.

Barua yako ya tarehe 11 niliisoma shuleni, wakati watoto wanaandika herufi. Lile swali la Karani lilinikalisha. Mtoto mmoja alinifuata akasema, "Mwalimu, unalia," nikamwambia ni chaki, akarudi akawatangazia wenzake kwamba mwalimu analia kwa sababu ya chaki. Jioni hiyo wazazi wawili walikuja kuulizia mgongo wangu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa msajili. Unajua nani yuko dirishani? Yule mwanafunzi wangu mwenye mwanya, aliyekuwa akiandika namba tatu imegeuka. Sasa kavaa tai. Akasimama, shikamoo mwalimu, akafurahi, akaniuliza nimefuata cheti cha nani. Nikasema cha mwanangu. Akasema cha kuzaliwa? Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, Baba Kipusa. Nikamwambia hapana, cha kifo.

Aliingia ndani akakaa sana. Kilikuwa tayari tangu mwaka ule ule, kimekunjwa mara mbili kwenye sanduku la vyeti visivyofuatwa. Nilidhani nitaanguka nikikishika. Ni karatasi tu. Jina lake wameliandika vizuri, bila kosa hata moja, na sijui kwa nini hilo ndilo lililoniliza hadi nikashindwa kusaini daftari lao.

Kiapo niliandika pale pale, kwa wakili wa serikali chumba cha pili. Nakala yake ni hii:

"Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, naapa kwamba nilimzaa binti mmoja, naye alifariki akiwa na miaka sita. Kwenye fomu niliandika kwamba nina mtoto mmoja. Sikukusudia kuficha wala kudanganya mahakama. Nilikuwa sijaweza kuandika sifuri, na mume wangu hakuniomba niiandike. Sasa nasema kwamba nyumbani kwangu hakuna mtoto wa kuulizwa kama yu radhi. Angekuwapo ningemuuliza."

Wakili alitaka kufuta sentensi ya mwisho, akasema haihitajiki kisheria. Nikamwambia aiache.

Cheti na kiapo vimo ndani. Bahasha nimempa mwalimu wetu wa muziki, mkewe ni rubani na ataifikisha huko mwenyewe; posta nimekataa kuiamini. Watu wa mtaani wakiniita Mama Kipusa nitaitika, hilo halina hakimu. Lakini Karani usimruhusu kunitunza. Mwambie hiyo ni kazi yangu.

Mkeo,
Mama Kipusa

2 Mei

Mke wangu mpenzi,

Hatujambo watatu. Natumaini barua hii inakukuta salama.

Hakimu alikisoma kiapo chako kimoyomoyo, kisha akakisoma tena kwa sauti, na alipofika mwisho alivua miwani na ule uzi wake. Ametupa wote wawili. Wale mume na mke walikuwa wamekaa nyuma. Yule mama alinipa mkono nje, nikaupokea.

Karani aliyasikia maneno yako yote. Tulipofika kituoni aliniambia nisubiri, akamchukua Kibonge mpaka kwenye lile benchi, akamwambia. Hakuniomba ruhusa, wala hakumwomba mtu wa kituo. Niliwaona kupitia dirisha. Kibonge alimpiga ngumi, akampiga tena, akatupa daftari la dadake matopeni, na Karani akamwacha apige. Kisha Kibonge alilia kwa namna ambayo sitaweza kukuandikia. Mlezi alitaka kutoka nje nikamzuia, na hadi sasa sijui kama nilifanya sawa.

Tunafika Alhamisi tarehe 14, mchana. Usije kutupokea na majirani. Njoo peke yako. Kibonge hali vizuri, na hataki kushikwa na mtu yeyote isipokuwa dadake, kwa hiyo usimkimbilie, mwache aje mwenyewe hata ikichukua miezi. Mlango nitaurekebisha kwanza.

Jana nilimwambia mambo ya safari, ndege tatu na siku mbili njiani. Alinigeuzia mgongo, akasema haondoki, wazazi wake wako huku. Nikamwambia ni kweli, wako huku. Alikaa hivyo hadi chakula kikapoa, kisha akaniuliza kama Mama Mkubwa naye analia.

Nikamwambia analia.

Akafikiri. Akaenda akaleta viatu vyake, akanipa nimfunge kamba.

Mumeo,
Baba Kipusa